Satsuma, jimbo la kale la kusini mwa Japani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wasomaji wengi huifahamu Satsuma kwa mlango mmoja tu: samurai wa mwisho na kifo cha Saigo Takamori, kiongozi wa uasi wa 1877. Mlango huo ni halali, lakini nyumba ni kubwa kuliko hapo. Majibu yafuatayo yanaanzia mwanzo, na yanakaa muda mrefu zaidi kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linasahauliwa kupita yote: nani alilipia nguvu za Satsuma.

Satsuma ilikuwa wapi?

Ilikuwa ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Kyushu. Leo eneo hilo ni nusu ya magharibi ya mkoa wa Kagoshima. Upande wa pili wa ghuba ilikuwepo Osumi, na kaskazini-mashariki Hyuga. Mlima Sakurajima, ule wa volkano unaoonekana katika kila picha ya mji wa Kagoshima, kwa mpaka wa zamani ulikuwa wa Osumi, ingawa majivu yake hayajawahi kuheshimu mpaka.

Wengine husema jimbo, wengine milki, wengine mkoa. Nishike lipi?

Yote matatu, kila moja kwa wakati wake. Jimbo ni mgawanyo wa serikali ya mfalme wa karne ya 7 na ya 8. Satsuma ilimegwa kutoka Hyuga mwaka 702, na makao yake yalikuwa katika mji ambao sasa unaitwa Satsumasendai. Milki ni eneo la daimyo, yaani mtawala wa kikabaila, wakati wa mashoguni, yaani watawala wa kijeshi, wa ukoo wa Tokugawa. Milki ya Satsuma ilikuwa pana kuliko jimbo: ilibeba Satsuma yote, Osumi yote na sehemu ya Hyuga. Mkoa ulikuja mwaka 1871, serikali mpya ya Meiji, iliyochukua nafasi ya mashoguni, ilipozifuta milki zote. Majimbo yenyewe hayakufutwa kwa amri yoyote. Yaliacha tu kutumika katika utawala, na majina yakabaki midomoni mwa watu.

Kabla ya utawala wa mfalme kulikuwa na watu gani?

Kulikuwa na Wahayato, wenyeji wa kusini mwa Kyushu, ambao serikali ya mfalme iliyokaa Nara, mji mkuu wa wakati huo, iliwahesabu kuwa watu wa pembezoni. Hawakukubali kirahisi kuandikishwa, kupimiwa mashamba na kutozwa kodi. Mwaka 720 walimuua gavana wa Osumi, na jeshi likatumwa chini ya Otomo no Tabito, mtu ambaye leo anakumbukwa zaidi kwa mashairi yake. Uasi ulizimwa mwaka 721. Hata hivyo utaratibu wa serikali wa kugawa mashamba ya mpunga ulianza kutumika Satsuma na Osumi mwaka 800 tu, karne nzima baada ya jimbo kuundwa. Umbali kutoka makao makuu ulikuwa silaha ya Satsuma tangu siku hizo.

Ukoo wa Shimazu uliingiaje?

Mwaka 1185 Minamoto no Yoritomo, aliyekuwa akijenga utawala wa kwanza wa shoguni, alimpa mtu wake Tadahisa usimamizi wa ardhi kubwa iliyoitwa Shimazu, na yeye akachukua jina la ardhi hiyo. Miaka michache baadaye akawa pia mkuu wa ulinzi wa Satsuma na Osumi. Uzao wake ulitawala huko hadi 1871, karibu miaka 700. Koo nyingi za Japani zilizokuwa na nguvu karne ya 12 zilikuwa zimekwisha kabisa kufikia karne ya 16. Hawa walibaki.

Ni kweli bunduki na Ukristo viliingia Japani kupitia Satsuma?

Karibu kweli. Bunduki zilifika mwaka 1543 katika kisiwa cha Tanegashima, kilichokuwa chini ya Osumi, zikiwa mikononi mwa Wareno waliosafiri kwa jahazi la Kichina. Bwana wa kisiwa, kijana Tanegashima Tokitaka, alinunua mbili, akawaweka wahunzi wake waziige. Yalikuwa magobori ya kuwashwa kwa utambi, na kwa muda si mrefu yakawa yanatengenezwa Japani kwa wingi.

Ukristo ulifika Kagoshima kwenyewe. Tarehe 15 Agosti 1549 mmisionari Francis Xavier aliteremka pwani akiwa na Anjiro, mtu wa Satsuma aliyekuwa amekimbia kwao baada ya kuua, akabatizwa Goa. Shimazu Takahisa alimpokea vizuri, lakini baadaye akakataza watu wake wasibatizwe. Watawa wa Kibudha walimsukuma, na meli za biashara za Kireno alizozitarajia zilikuwa zinatia nanga kwingine.

Shimazu walishindwa vitani mara mbili. Kwa nini hawakufutwa?

Mara ya kwanza ilikuwa 1587. Ndugu wanne wa Shimazu, yaani Yoshihisa, Yoshihiro, Toshihisa na Iehisa, walikuwa wamewapiga majirani mmoja baada ya mwingine na kubakiza kidogo tu kuimeza Kyushu nzima. Ndipo Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa akiiunganisha Japani chini yake, alipoteremka na jeshi kubwa mno. Yoshihisa alinyoa kichwa kama mtawa, akaenda kujisalimisha. Hideyoshi alimwachia nchi ya asili, akachukua mengine.

Mara ya pili ilikuwa vita vya Sekigahara, Oktoba 1600. Yoshihiro alikuwepo na watu wapatao 1,500 upande ulioshindwa. Wenzake walipovunjika, alizungukwa. Badala ya kurudi nyuma alielekeza watu wake mbele, wakapenya katikati ya adui na kutokea upande wa pili. Kila hatua kundi dogo lilibaki barabarani, watu wakaketi chini na bunduki zao, wakafyatua hadi wakafa ili bwana wao apate nafasi. Mpwa wake Toyohisa alifia hapo. Waliofika nyumbani pamoja naye husemwa kuwa ni kama 80.

Tokugawa Ieyasu, mshindi wa vita hivyo, angeweza kupeleka jeshi Satsuma. Hesabu yake, naamini, ilikuwa ya umbali na gharama: kupigana na watu wa namna hiyo, mwisho wa nchi, milimani. Mwaka 1602 alikubali wabaki na ardhi yao yote. Miaka 266 baadaye milki hiyohiyo ilikuwa mbele katika kuuangusha utawala wa wajukuu zake.

Ryukyu ilihusikaje?

Ryukyu, ambayo leo ni Okinawa, ilikuwa ufalme unaojitegemea, wenye utajiri wa biashara kati ya China, Japani na Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 1609 Satsuma, kwa ruhusa ya Ieyasu, ilipeleka askari wapatao 3,000. Kasri la Shuri liliangukia mikononi mwao upesi. Mfalme Sho Nei alichukuliwa hadi Japani, akapelekwa mbele ya shoguni, akarudishwa kwao mwaka 1611 baada ya kula kiapo cha utii.

Kisha likaja igizo lililoendelea zaidi ya miaka 200. China ilifanya biashara na Ryukyu kwa sababu mfalme wake alipeleka zawadi za utii Beijing. Satsuma ilitaka biashara hiyo iendelee, kwa hiyo China isijue nani bwana halisi. Wajumbe wa China walipofika, maofisa wa Satsuma waliondoka mjini wakajificha kijijini hadi wageni waondoke, na vitu vya Kijapani vikafichwa. Watu wa Ryukyu walibeba mabwana wawili kwa wakati mmoja.

Visiwa vya Amami, kaskazini mwa Okinawa, havikurudishwa kwa mfalme. Vilikatwa vikawa mali ya Satsuma moja kwa moja, na hapo ndipo lilipo jibu la swali linalofuata.

Satsuma ilipata wapi fedha?

Kwa sukari guru ya Amami. Naomba msomaji akae nami hapa kidogo.

Satsuma ilikuwa kubwa kwenye karatasi. Ukubwa wa milki ulipimwa kwa koku, kipimo cha mpunga kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka, na Satsuma, Ryukyu ikiwemo, iliandikwa kiasi cha koku 770,000, ya pili nchini baada ya milki ya Kaga. Lakini udongo wake ni wa majivu ya volkano. Maji yanapita moja kwa moja, mpunga haukai. Juu ya hapo kulikuwa na mzigo wa safari za lazima za kwenda Edo (Tokyo ya leo), makao ya shoguni, na amri zake. Mwaka 1754 na 1755 watu wa Satsuma walilazimishwa kwenda kujenga kingo za mito ya Kiso, Nagara na Ibi katika jimbo la Mino, mbali kabisa na kwao, kwa gharama yao wenyewe. Zaidi ya 80 walikufa, wengi wao kwa kujiua, na msimamizi Hirata Yukie alikufa kazi ilipokamilika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1830 deni lilikuwa limefika ryo (sarafu ya dhahabu ya wakati huo) milioni 5, fedha ambayo milki isingeweza kuilipa hata ikakaa bila kula. Aliyekabidhiwa jambo hilo ni Zusho Hirosato, mtu wa cheo cha chini aliyepandishwa na bwana mzee Shimazu Shigehide. Aliwatangazia wafanyabiashara wa Osaka na Edo kwamba watalipwa kwa miaka 250, bila riba. Tangazo hilo lilikuwa sawa na kulifuta deni. Nusu ya pili ya mpango wake ilikuwa visiwani.

Kuanzia 1830 sukari yote ya Amami Oshima, Kikai na Tokunoshima ilikuwa ya milki peke yake. Mkulima alipanda miwa, akaikata, akaisaga kwenye kinu cha ng'ombe, akachemsha juisi hadi ikaganda, kisha akaikabidhi yote. Hakulipwa fedha. Alipewa mchele, nguo, chumvi na vyombo kwa bei iliyopangwa na wachukuaji wenyewe, na bei hiyo ilikuwa mbali sana na ile ya Osaka sukari ilipouzwa. Aliyekamatwa akiuza kwa magendo aliweza kuuawa. Mashamba ya chakula yaligeuzwa miwa, kwa hiyo mwaka wa kimbunga au ukame ulikuwa mwaka wa njaa. Walioshindwa kutimiza kiwango walijiuza kwa majirani wenye nacho, wakaitwa yanchu, watumwa wa deni ambao mara nyingi watoto wao waliurithi utumwa huo.

Kwa upande wa hazina mpango ulifaulu sana. Milki iliyokuwa imefilisika ikawa na akiba, na akiba hiyo ndiyo iliyonunua meli za mvuke, bunduki na viwanda vya kizazi kilichofuata. Ukisoma historia inayosifu Satsuma kwa kuijenga Japani mpya, uliza iliitoa wapi nauli.

Na viazi vitamu?

Viazi vilitoka Amerika, vikapita China, vikafika Ryukyu mwaka 1605 kwa mkono wa Noguni Sokan. Mwaka 1705 mtu wa Yamagawa, kusini mwa Satsuma, aitwaye Maeda Riemon, alivileta kwao kutoka Ryukyu. Mahali ambapo mpunga ulikataa, marando yalishika. Njaa kubwa ilipoipiga Japani ya magharibi mwaka 1732, Satsuma ilipata nafuu kuliko wengine, na miaka michache baadaye msomi Aoki Konyo alianza kuvipanda karibu na Edo. Sehemu nyingi za Japani huviita hadi leo kwa jina la Satsuma. Pombe kali ya viazi inayonukia katika vijiji vya Kagoshima inatoka katika mashamba hayohayo.

Kwa nini kulikuwa na samurai wengi hivyo?

Baada ya 1587 Shimazu walirudi na ardhi ndogo lakini askari walewale. Hawakuwafukuza. Waliwatawanya katika wilaya zaidi ya 100, ambako walilima wakati wa amani na kujipanga wakati wa vita. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa wa daraja la samurai, wakati kwingine Japani haikufika mmoja kati ya kumi. Wengi walikuwa maskini wa kushika jembe. Kwa mkulima wa kawaida maana yake ilikuwa jicho la mtawala mlangoni kila siku.

Ni dini gani ilipigwa marufuku?

Mbali na Ukristo, Satsuma ilikataza pia dhehebu la Kibudha la Jodo Shinshu kwa karibu miaka 300, kwa kuwa waumini wake kwingineko walikuwa wameasi watawala. Waumini waliingia mapangoni usiku kusali, na mapango hayo bado yapo. Marufuku iliondolewa mwaka 1876. Kabla ya hapo, karibu na 1869, milki ilibomoa mahekalu yote ya Kibudha, zaidi ya 1,000, kwa jina la ibada ya Shinto, dini ya asili ya Japani. Ndiyo sababu mtalii anayetafuta mahekalu ya kale Kagoshima huondoka mikono mitupu.

Waliwahi kupigana na Uingereza?

Ndiyo, kwa siku chache. Tarehe 14 Septemba 1862, kijijini Namamugi karibu na Yokohama, Waingereza wanne waliokuwa juu ya farasi walikutana na msafara wa Shimazu Hisamitsu, baba wa daimyo. Hawakuteremka. Samurai walimkata mfanyabiashara Charles Lennox Richardson, akafa. Uingereza ilidai pauni 25,000 kutoka Satsuma, na wauaji wapewe adhabu.

Agosti 1863 meli saba za kivita ziliingia ghuba ya Kagoshima, wakati kimbunga kinapiga. Mizinga ya pwani ilijibu kwa nguvu ambayo Waingereza hawakuitarajia. Kapteni Josling wa meli ya Euryalus na naibu wake Wilmot waliuawa. Kwa upande wa mji, mamia ya nyumba yaliteketea pamoja na viwanda vya Shuseikan, ambavyo daimyo aliyetangulia, Shimazu Nariakira, alivijenga kwa ajili ya mizinga, meli na vioo.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Satsuma ililipa fidia kwa fedha iliyokopa kwa shoguni na haikuzirudisha, na katika mazungumzo yaleyale ikaomba Uingereza iisaidie kununua meli ya kivita. Mwaka 1865, wakati kutoka nje ya Japani bado ni kosa la kifo, watu 19 wa Satsuma walipanda meli kwa siri katika bandari ndogo ya Hashima kwenda London, kwa majina ya bandia. Mori Arinori kati yao alikuja kuwa waziri wa kwanza wa elimu. Nagasawa Kanaye, mdogo kuliko wote, aliishia California, akawa mkulima maarufu wa zabibu za mvinyo.

Shoguni aliangushwaje?

Mwaka 1866 Satsuma ilifanya mapatano ya siri na milki ya Choshu, adui wake wa jana, kwa usuluhishi wa Sakamoto Ryoma wa milki ya Tosa. Januari 1868 majeshi yao yalilishinda jeshi kubwa zaidi la shoguni huko Toba na Fushimi, karibu na Kyoto. Miezi michache baadaye Saigo Takamori na Katsu Kaishu wa upande wa shoguni walikubaliana Edo itolewe bila mji kuchomwa. Okubo Toshimichi, aliyekulia mtaa mmoja na Saigo hapo Kagoshima, ndiye aliyeshika usukani wa serikali mpya.

Ikawaje basi Satsuma ikaasi serikali iliyoijenga yenyewe?

Serikali ilifuta milki, ikaandikisha vijana wa wakulima jeshini, ikakata posho za samurai, ikakataza panga hadharani. Kwa mikoa mingi hilo liliwagusa wachache. Kagoshima liligusa robo ya watu. Saigo alikuwa amejiuzulu mwaka 1873 baada ya ugomvi juu ya kwenda kuishambulia Korea, akarudi nyumbani, na wafuasi wake wakafungua shule ambazo zilikuwa pia kambi.

Mapema 1877 vijana wa shule hizo walivamia maghala ya silaha ya serikali. Februari Saigo aliondoka na watu wapatao 13,000. Walikwama Kumamoto, ambako vijana wa jeshi la lazima walishikilia ngome zaidi ya siku 50. Vita vya mlima wa Tabaruzaka, katika mvua, viliwamaliza nguvu. Tarehe 24 Septemba, kilimani Shiroyama juu ya mji wa Kagoshima, Saigo na watu wasiofika 400 walikabiliwa na makumi ya maelfu, na alfajiri hiyo ikawa mwisho. Waliokufa pande zote walizidi 12,000. Okubo aliuawa Tokyo mwezi Mei 1878 na samurai waliomlaumu.

Saigo alikuwa shujaa au mwasi?

Serikali ilimsamehe mwaka 1889, na sanamu yake ikasimamishwa Ueno, Tokyo, mwaka 1898. Mimi naona afadhali aangaliwe kutoka Amami. Alipelekwa huko mwaka 1859 ili kufichwa asikamatwe na serikali ya shoguni, akaona kwa macho yake namna wakulima wa miwa walivyobanwa, na akawakemea maofisa. Alimwoa Aikana, mwanamke wa kisiwa, wakapata watoto wawili. Mwaka 1862 aliitwa kurudi, na Aikana akabaki, kwa kuwa sheria ya milki haikuruhusu wake wa visiwani kuvuka. Mtoto wao Kikujiro alipoteza mguu katika vita vya 1877, na baadaye akawa meya wa Kyoto.

Lakini sukari haikuachiliwa. Baada ya milki kufutwa, kampuni ya watu wa Kagoshima iliendelea kuihodhi. Mwaka 1877 wakulima wa Amami walituma wajumbe 55 Kagoshima kudai haki ya kuuza sukari yao wenyewe. Walitupwa gerezani, na wengi wao wakaingizwa katika jeshi la Saigo kwenda kufa kwa ajili ya posho za samurai. Kila ninapofika hapa swali la shujaa au mwasi huniwia dogo.

Vyombo vya Satsuma ni vya nani?

Asili yake ni Wakorea. Shimazu Yoshihiro alipotoka kwenye vita vya Korea mwaka 1598 alileta wafinyanzi mateka. Waliwekwa Naeshirogawa na kwingine, na kwa vizazi walilazimishwa kubaki na majina na mavazi ya kwao. Vyombo vyao viliwavutia wanunuzi wa Ulaya kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, ambako Satsuma ilijionyesha kando na shoguni kana kwamba ni nchi. Ukoo wa Chin Jukan, uliotokana na mateka hao, bado unafinyanga.

Yale machenza yanayoitwa satsuma yanatoka huko?

Ndiyo, inaaminika hivyo: aina hiyo inadhaniwa ilianzia kisiwa cha Nagashima, ambacho sasa kimo mkoani Kagoshima. Miche ilipelekwa Marekani kutoka Japani katika miaka ya 1870, ikabeba jina hilo. Japani kwenyewe hakuna anayeyaita hivyo.

Nikitaka kuiona historia hii niende wapi?

Kagoshima kuna bustani ya Sengan-en na mabaki ya Shuseikan, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2015, na kilima cha Shiroyama. Usiishie hapo. Meli ya usiku inatoka Kagoshima jioni na kufika Naze, Amami Oshima, alfajiri. Visiwa hivyo vilikaa chini ya Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vikarudishwa Japani tarehe 25 Desemba 1953. Huko bado wanachemsha sukari guru, na siku hizi anayeipika ndiye anayeiuza.